Mazao Wasiyoyapenda Tembo: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wakulima wa Pembezoni mwa Hifadhi

Maswali haya ni ya wakulima wanaolima jirani na tembo: Liwale, Nachingwea, Tunduru, Kilombero, Bunda, Rombo, na ng'ambo ya mpaka huko Taita Taveta, Kenya. Mengi huulizwa mwezi mmoja au miwili kabla ya mvua, mtu anapopanga alime nini. Huo ndio wakati mzuri wa kuuliza. Mahindi yakishabeba, umebaki na kukesha tu.

Kuna zao ambalo tembo hali kabisa?

Hakuna la kuwekea dhamana. Tembo mkubwa anaweza kula kilo 150 za majani, magome, matunda na mizizi kwa siku moja, na wakati wa njaa kali hujaribu hata asichokizoea. Isitoshe, zao asilolila anaweza kulikanyaga. Kundi likikatiza katikati ya shamba la ufuta kwenda mtoni, utakuta njia pana iliyolala chini, hata kama hakuna aliyeng'oa mche.

Hata hivyo, tofauti kati ya zao analolifuata na zao analolipita ni kubwa sana. Mahindi yanaweza kwisha heka nzima kwa usiku mmoja, lakini shamba la pilipili lililopitiwa na kundi hilohilo hupoteza miche ya njiani tu. Tofauti hiyo ndiyo unayoitafuta unapochagua mbegu.

Tembo anajuaje kwamba zao fulani halimfai, kabla hata hajalionja?

Kwa pua. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2014 ulikuta tembo wa Afrika ana karibu jeni 2,000 za kunusa, zaidi ya mara mbili ya mbwa. Anayapata mahindi yako kwa harufu akiwa bado porini, na anajua yamefikia wapi. Ndiyo maana shamba linaweza kukaa salama miezi miwili, kisha likavamiwa wiki ileile punje zinapoanza kujaa maziwa.

Mimea anayoiacha mingi ina harufu kali, ukali mdomoni, uchungu au utomvu unaowasha. Akiwa na mashaka nao utamwona anaugusa mmea kwa ncha ya mkonga, anaunusa, anaachia. Akishang'oa bila kunusa, ujue hilo zao analifahamu na analitaka.

Basi nitajie. Yapi anayapita?

Pilipili kali zinaongoza. Zinafuatiwa na tangawizi, kitunguu saumu, vitunguu maji, mchaichai na manjano. Huko Zambia, kandokando ya hifadhi ya South Luangwa, watafiti walipanda tangawizi, vitunguu, kitunguu saumu na mchaichai wakalinganisha na mahindi, na mahindi ndiyo yaliyowavuta tembo zaidi. Ufuta nao upo katika kundi hili, pamoja na tumbaku na, kwa nyanda za juu, chai.

Alizeti naiweka pembeni kidogo. Tembo hawaifuati kama wanavyofuata mahindi, na katika vijiji vingi inapona vizuri, lakini vichwa vikikomaa wako wanaovikwanyua. Ilime, ila usiitegemee peke yake.

Na yapi ni kama kuwaita?

Mahindi, mtama, mpunga, miwa, migomba, matikiti, maboga, mihogo, viazi vitamu, kunde. Kwenye migomba tembo hahangaiki na ndizi peke yake. Anaupasua mgomba wenyewe na kula moyo wake wenye maji, kwa hiyo hata mgomba usiozaa haujasalimika. Maembe na mapapai yaliyoiva humleta hadi uani. Kwa ndugu zetu wa kusini, mkorosho nao una shida yake: mabibo yaliyoanguka chini hunukia mbali, na tembo akija kuyaokota huvunja matawi. Okota mabibo kila siku, usiyaache yakachachuka chini ya mti. Kazi hiyo ni ndogo na ina faida kubwa.

Nikizungushia mahindi yangu mistari miwili ya pilipili, yatapona?

Hapana. Nalisema bila kuzunguka kwa sababu hili ndilo jambo linaloumiza watu wengi. Mkulima anasikia kwamba tembo hapendi pilipili, anapanda mistari miwili pembezoni, anatulia. Tembo anavuka mistari hiyo kwa hatua moja na kwenda zake kwenye mahindi. Mche wa pilipili uliosimama shambani hautoi harufu ya kumzuia mnyama wa namna ile. Ukali umo ndani ya tunda, na hautoki mpaka tunda lipondwe, lisagwe au lichomwe.

Kwa hiyo zao lisilopendwa hujilinda lenyewe tu. Halilindi kilicho nyuma yake. Ukitaka pilipili ilinde mahindi, lazima uivune na kuitumia, na zipo njia mbili za kawaida.

Ya kwanza ni kamba. Saga pilipili kavu, changanya na oili chafu ya injini mpaka iwe uji mzito. Simika nguzo kuzunguka shamba, mita chache nje ya mazao, funga kamba ya katani usawa wa kifua cha mtu au juu zaidi, kisha ning'iniza vipande vya nguo kuukuu. Paka kamba na vitambaa vyote. Oili inashika ukali usioshwe na mvua haraka, lakini haizuii milele: baada ya mvua kubwa paka tena, na hata bila mvua rudia kila baada ya wiki mbili hivi. Kamba iliyokauka ni kamba tu. Weka mbali na kisima na vitalu vya mboga, kwa sababu oili ile ni uchafu.

Ya pili ni moshi. Changanya kinyesi cha tembo au cha ng'ombe na pilipili iliyopondwa na maji, finyanga matofali, anika yakauke kabisa. Usiku yachome taratibu upande ambao upepo unatokea, ili moshi upite juu ya shamba kuelekea wanakotokea tembo. Wewe na watoto kaeni nyuma ya moto, maana moshi huo hauchagui pua.

Mbinu hizi zilikuzwa sana Zimbabwe tangu miaka ya 1990, na sasa zinatumika nchi nyingi. Zinasaidia pale zinapochanganywa na nyingine. Tembo ni mwepisi wa kujifunza, na kizuizi kimoja kisichobadilika wanakizoea.

Ufuta unanifaa? Naishi Lindi vijijini.

Kwa ukanda wako ndilo chaguo ambalo ningeanza nalo. Unaujua tayari, unavumilia ukame, unakomaa kwa takribani miezi mitatu hadi minne, na soko lake lipo kupitia AMCOS (vyama vya ushirika vya wakulima) na stakabadhi ghalani, mfumo wa kuweka mazao ghalani na kuyauza kwa mnada. Maua yake ni chakula kizuri cha nyuki, jambo tutakalolirudia.

Hasara nyingi za ufuta hazitokani na tembo. Zinatokea siku za kuvuna. Vile vibomba (maganda ya mbegu) vya chini huanza kufunguka wakati vya juu bado vya kijani, na ukichelewa mbegu zinamwagika ardhini kila upepo ukivuma. Kata majani yanapogeuka manjano na vibomba vya chini kabisa vinapoanza kupasuka, funga matita, yasimamishe wima yakiegemeana, na tandika turubai chini. Ukisubiri shamba zima likauke, robo ya kazi yako utaiacha kwa ndege na siafu.

Usiuze ungali shambani kwa walanguzi wa kangomba, wanaonunua kwa bei ya kutupa nje ya mfumo rasmi. Ukiuza hivyo, faida ya kuhama kutoka mahindi inakwenda kwa mwingine.

Nimesikia pilipili kichaa ina bei nzuri. Nilime heka ngapi?

Anza na robo heka. Pilipili ni zao la mikono: kitalu, kuhamisha miche, palizi, kisha kuchuma kila wiki kwa miezi kadhaa, tunda mojamoja. Familia yenye watu wawili wa kuchuma haimalizi heka nzima, na pilipili iliyopitiliza mtini inaoza.

Kabla ya kununua mbegu, mpate mnunuzi. Muulize anataka aina gani, mbichi au kavu, na kavu ya kiwango gani. Kisha jenga chanja cha kukaushia kilichoinuka kutoka ardhini. Pilipili iliyoanikwa chini huota ukungu na kukusanya mchanga, na mnunuzi makini ataikataa gunia zima. Vaa glovu unapochuma na kusaga, funga pua kwa kitambaa, na usimpokee mtoto mchanga kabla hujaosha mikono kwa sabuni.

Ndege wengine wanadonoa pilipili bila kujali, kwa sababu ukali ule hauwasumbui. Hasara yake kwa kawaida ni ndogo.

Sisi tuko milimani, kuna baridi na mvua nyingi. Ufuta haukubali.

Tangawizi, kitunguu saumu na chai. Kenya ilianzisha Nyayo Tea Zones mwaka 1986, mikanda ya chai iliyopandwa kati ya msitu na mashamba ya watu, lengo kuu likiwa kulinda misitu. Uganda nayo inatumia chai pembezoni mwa baadhi ya hifadhi zake, kwa kuwa wanyama wengi wa msituni hawaigusi. Lakini chai inahitaji kiwanda karibu, kwa kuwa jani lililochumwa haliwezi kungoja. Kama hakuna barabara wala kiwanda, tangawizi ni salama zaidi: ikikomaa inaweza kubaki ardhini kwa muda wakati unatafuta bei.

Nyuki wanaingiaje katika habari ya kuchagua mazao?

Wanaingia kwa sababu tembo wanawaogopa, na kwa sababu nyuki wanahitaji maua. Mtafiti Lucy King na wenzake walionyesha mwaka 2007 kwamba familia nyingi za tembo zilikimbia ziliposikia tu sauti ya nyuki waliokasirika. Kutokana na hapo ukajengwa uzio wa mizinga huko Sagalla, Taita Taveta, jirani na hifadhi ya Tsavo Mashariki: mizinga inaning'inizwa kila baada ya mita 10, imeunganishwa kwa waya, na kati ya mizinga ya kweli wanaweka vibao vya bandia ili kupunguza gharama. Tembo akisukuma waya, mizinga yote inayumba.

Matokeo ya miaka 9 yaliyochapishwa mwaka 2024 yalionyesha kwamba katika misimu ya mazao hadi asilimia 86 ya tembo walioukaribia uzio waligeuka. Ila ukame uliposhika nyuki walihama, mizinga ikabaki mitupu, na uzio ukapoteza nguvu. Hapo ndipo ufuta na alizeti vinapokuwa na kazi ya pili: kuwalisha nyuki wako wakae. Panda kwa awamu, wiki mbili tofauti, ili maua yasikome siku moja. Na weka maji. Karai lenye mawe ya kutua nyuki linatosha.

Kwa Tanzania, uzio wa namna hii umejaribiwa pia pembeni ya Hifadhi ya Milima ya Udzungwa. Kama uko Kilombero, nenda ukauone kabla ya kujenga wako, uulize hasa kuhusu wizi wa asali na namna ya kurina bila kujeruhi watu.

Wadudu kuilinda mimea si jambo geni porini kwetu. Kule Laikipia, Kenya, kuna mgunga mfupi wenye vinundu ambamo sisimizi wanaishi, na watafiti waliripoti mwaka 2010 kwamba tembo wanaukwepa mti huo kwa sababu ya sisimizi hao wanaouma ndani ya mkonga. Walipowaondoa sisimizi, tembo wakaula.

Haya, nimehamia ufuta na pilipili. Watoto watakula nini?

Hili ndilo swali la msingi, na asiyelijibu hana haki ya kumshauri mkulima aache mahindi. Mtu hali pilipili akashiba. Usiache chakula. Kihamishe.

Mahindi, mihogo na migomba vilete karibu na nyumba, katika kipande kidogo kinachoweza kulindwa kweli, chenye umbo la mraba na si ukanda mrefu. Heka moja ya mraba ina mzunguko mfupi kuliko heka hiyohiyo ikiwa nyembamba, na kila mita ya mzunguko ni mita ya kukesha. Kipande cha mbali, kile kinachogusa pori, ndicho kipewe ufuta au pilipili. Chagua mbegu ya mahindi inayokomaa mapema. Wiki tatu ulizookoa ni wiki tatu za usingizi.

Kisha ongeeni na majirani. Mashamba 10 ya ufuta yaliyoshikana yanaacha ukanda mpana usio na kitu cha kumvuta tembo. Ufuta wako mmoja kati ya mahindi ya watu tisa utakanyagwa kila usiku na tembo wanaokwenda kwenye mahindi hayo. Na dungu, jukwaa la kulindia shamba, mnajenga pamoja, mnapeana zamu, watu wawiliwawili wenye tochi kali na honi. Mwite bwana shamba na askari wa wanyamapori wa kijiji katika kikao hicho, ili mjue pia kama mnalima ndani ya ushoroba, yaani mapito ya wanyama. Kwenye njia ya zamani ya tembo hakuna zao litakalokupa amani.

Uzio wa minyaa, michongoma au mkonge unasaidia?

Kwa mbuzi na ng'ombe, ndiyo. Kwa tembo, hautoshi.

Vipi ngedere, nyani na nguruwe pori?

Pilipili inapona kwa wengi wao. Nguruwe pori hufukua mihogo, karanga na viazi, na hupenda mahindi yakiwa machanga. Nyani ni mgumu kwa sababu anakuja mchana, anakuangalia, na anajua ukienda kula. Kwake dawa ni mtu shambani na kufyeka vichaka vilivyo karibu ili akose pa kujificha. Zao moja halitawazuia wote, kwa hiyo kabla ya kubadili mbegu chunguza vizuri nyayo, kinyesi na namna mmea ulivyoliwa. Wapo waliouacha mchezo wa mahindi kwa sababu ya tembo kumbe mharibifu alikuwa nguruwe.

Zamani hatukuwa na shida hii. Mbona sasa?

Sehemu ya jibu iko katika hesabu. Eneo la Selous lilikuwa na tembo zaidi ya 100,000 miaka ya 1970. Ujangili ukawamaliza mpaka sensa ya mwaka 2013 ikahesabu takribani 13,000. Kuna kizazi kizima cha wakulima kilichofungua mashamba na kuanzisha vitongoji katika miaka ambayo tembo walikuwa wachache na waoga. Ujangili umepungua, tembo wanarudi walikokuwa wakipita mama zao, na wanakuta mahindi. Wazee wa kijiji wanazikumbuka njia hizo. Wakalisheni chini, waulizeni, kabla ya kugawa mashamba mapya.

Nikimwekea sumu kwenye tikiti au misumari njiani?

Usifanye. Ni kosa la jinai, na sumu ile itaua pia mbwa wako, fisi, tai, pengine na mtu. Tembo aliyejeruhiwa mguu haondoki. Anabaki jirani, ana maumivu, na atakayekutana naye asubuhi ni mtoto anayekwenda shule. Vivyo hivyo usimkaribie ili kumfukuza, wala usisimame kati ya mama na ndama. Piga kelele mkiwa kundi, kutoka mbali, mkimwachia njia ya kutokea kuelekea porini.

Wakila mazao, serikali inalipa?

Tanzania kuna kifuta jasho kwa mazao na kifuta machozi kwa kifo au majeraha, kwa kanuni zilizotungwa mwaka 2011. Jina lenyewe linaonyesha kwamba si fidia kamili, na kiasi hutegemea pia umbali wa shamba kutoka mpaka wa hifadhi. Kenya ina sheria ya fidia ya mwaka 2013. Pande zote mbili jambo linalowakosesha watu haki ni kuchelewa. Toa taarifa siku hiyohiyo kwa afisa mtendaji na afisa wanyamapori, piga picha za nyayo na mazao yaliyoharibika kabla hujasafisha shamba, na hifadhi nakala ya fomu.

Nimevuna salama. Naweza kulala sasa?

Bado kidogo. Tembo huvunja ghala na hata kuta za nyumba kufuata mahindi, chumvi na pombe ya kienyeji inayochachuka. Gunia lililoegemea ukuta wa udongo linanusika upande wa pili. Hifadhi nafaka katika mifuko isiyopitisha hewa au mapipa ya bati yenye kifuniko, ndani ya chumba cha katikati, na pumba zipeleke mbali na dirisha la mahali mnapolala. Mabua yaliyobaki shambani yaondoe mapema au yalishe ng'ombe, na maboga yaliyosahaulika chini ya mabua yakusanye siku ya kwanza.